Kamera Yako Inaona Nini Usiku? Somo la Kupanga Ubora wa Picha na Utambuzi wa Mwendo



Tuanze na mfano ambao wenye maduka wengi watautambua. Mwenye duka anafika asubuhi na kukuta kufuli limekatwa na rafu za simu ni tupu. Moyo unamdunda, lakini anajituliza: kamera ipo. Anafungua simu yake na kukuta arifa mia mbili za usiku mmoja. Mbuzi amepita, paka yuko juu ya ukuta, tawi la mwarobaini limepepea, nondo ametua mbele ya kioo. Arifa hizo alizinyamazisha zamani kwa sababu zilimnyima usingizi. Anatafuta picha ya saa nane usiku. Mtu anaonekana, lakini uso wake ni doa jeupe. Na saa iliyoandikwa pembeni mwa picha inasema ilikuwa saa tano mchana.

Kamera hiyo haikuharibika. Ilinunuliwa kwa pesa nzuri, ikafungwa ukutani, kisha ikaachwa na mipangilio iliyotoka nayo kiwandani. Kiwanda hakijui mbuzi wa Soko Mugdi, wala vumbi la kiangazi, wala jua letu. Kazi ya kuifundisha kamera mazingira ya hapa ni yako na fundi wako.

Watu wa Garissa hawahitaji kuelezwa thamani ya usalama. Shambulio la 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, lililochukua maisha ya watu 148, bado liko mioyoni mwetu. Kamera haichukui nafasi ya polisi, ya mlinzi wala ya majirani wa Nyumba Kumi wanaojuana kwa majina. Kazi yake ni kuwa shahidi. Somo hili linaeleza namna ya kumfanya shahidi huyo aone vizuri, aseme anapoulizwa, na asiingilie faragha ya wengine.

Somo linahusu kamera ya mtandao, yaani kamera inayounganishwa kwa rauta au kwa mashine ya kurekodi na kupangwa kupitia simu au kompyuta. Majina ya vipengele hutofautiana kidogo kutoka aina moja hadi nyingine, lakini kazi zake ni zilezile.

1. ANZA NA SWALI: KAMERA HII NI YA KAZI GANI?

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, jiulize unataka kujua nini. Je, unataka kujua tu kwamba kuna mtu ameingia uani? Je, unataka kumtambua mtu unayemjua tayari, kama vile mfanyakazi wako? Au unataka sura ya mgeni ionekane wazi kiasi cha kutosha kuonyeshwa polisi na mahakama?

Kazi hizi tatu zina vipimo vyake. Kiwango cha kimataifa cha kamera za usalama, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilizipima kwa pikseli, yaani vile vidoa vidogo vinavyounda picha. Ili kujua kwamba kuna mtu, zinahitajika pikseli 25 kwa kila mita ya upana wa mahali anaposimama. Ili kumtambua mtu unayemjua, pikseli 125 kwa mita. Ili kuthibitisha sura ya mtu usiyemjua, pikseli 250 kwa mita.

Sasa fanya hesabu. Kamera ya kawaida ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana. Gawanya 1920 kwa 250, utapata mita 7.7 hivi. Maana yake, kamera hiyo ikionyesha eneo lenye upana unaozidi mita 7.7, usitegemee kuthibitisha sura ya mgeni aliyesimama hapo. Kamera ya megapikseli 4 yenye pikseli 2560 hufika takriban mita 10. Kamera moja iliyolengwa kuonyesha zizi zima, lango na barabara kwa pamoja itakuonyesha watu wengi, lakini hutawajua ni akina nani.

Funzo: kama una kamera mbili, moja ione eneo pana, na ya pili ilenge mahali pembamba ambapo kila mtu hana budi kupita, kama vile mlangoni, langoni au kwenye kaunta ya M-Pesa.

2. MAHALI PA KUIFUNGA

Mpangilio mzuri hauwezi kuokoa kamera iliyofungwa mahali pabaya. Kuna mambo manne ya kuzingatia hapa kwetu.

Jua. Garissa iko karibu kabisa na Ikweta. Jua huchomoza upande wa mashariki na kutua upande wa magharibi mwaka mzima. Kamera inayotazama mashariki hupofuka asubuhi, na inayotazama magharibi hupofuka jioni, saa ambazo watu hufungua na kufunga maduka. Ukiweza, ielekeze kaskazini au kusini. Usipoweza, iinamishe chini kidogo na uiwekee kivuli cha bati.

Urefu. Wengi hufunga kamera juu sana ili isiibwe. Matokeo yake ni picha za kofia na vilemba. Kwa kamera ya kuona sura, urefu wa mita 2.5 hadi 3 unafaa.

Vumbi na buibui. Kamera nyingi zina taa za usiku za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Kioo kikiwa na vumbi, mwanga huo hurudi kwenye lenzi na picha huwa kama ukungu. Utando wa buibui hung'aa kama kamba nyeupe, na ukipepea kamera hudhani kuna mtu. Wakati wa kiangazi, futa kioo kila wiki kwa kitambaa laini.

Kuta nyeupe. Kama ukuta mweupe au bati jipya liko karibu sana na kamera, mwanga wa infraredi hupiga hapo na kurudi. Kamera hudhani kuna mwanga mwingi, hupunguza mwangaza, na mlango ulio mbali hubaki gizani. Isogeze mbele au igeuze kidogo.

3. UBORA WA PICHA: VIPIMO VINNE

Fungua sehemu ya video katika mipangilio ya kamera. Utakuta vipimo vinne vinavyotegemeana. Ukipandisha kimoja bila kufikiria vingine, utalipa kwa diski kujaa au kwa picha kukatakata.

Kwanza, ukubwa wa picha. Weka ukubwa wa juu kabisa ambao kamera inaweza, mathalani 1920 kwa 1080. Ukiipunguza hapa, hesabu ile ya pikseli kwa mita inaharibika.

Pili, idadi ya fremu kwa sekunde. Video ni picha nyingi zinazofuatana haraka. Kiwandani huwekwa 25 au 30 kwa sekunde. Kwa duka au ua, fremu 12 hadi 15 zinatosha, kwa kuwa mtu anayetembea hatoweki katikati ya fremu mbili. Hapa ndipo pa kuokoa nafasi bila kupoteza sura.

Tatu, kiasi cha biti kwa sekunde. Hiki ndicho kipimo kinachoamua picha itabanwa kiasi gani. Kikiwa chini mno, sura hugeuka miraba miraba mtu anapotembea, hata kama kamera ni ya megapikseli nyingi. Kwa megapikseli 2 na fremu 15, anza na megabiti 2 kwa sekunde ukitumia mbinu ya kubana iitwayo H.264. Kama kamera na mashine yako zinakubali H.265, unaweza kushuka hadi karibu nusu ya hapo na picha ikabaki nzuri. Ukipewa chaguo la kiasi kinachobadilika au kisichobadilika, chagua kinachobadilika lakini weka kikomo cha juu. Hapo usiku mtulivu hautakula diski bure.

Nne, umbali kati ya fremu kamili. Kamera haihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi moja kamili, kisha zinazofuata hueleza tu kilichobadilika. Fremu kamili moja kila sekunde 2 inafaa. Kama una fremu 15 kwa sekunde, andika 30.

Je, diski itatosha siku ngapi? Fanya hesabu hii mwenyewe usije ukauziwa maneno. Megabiti 1 kwa sekunde, ikirekodi saa 24, hutumia gigabaiti 10.8 kwa siku. Kwa hiyo:

– Kamera 1 ya megabiti 2: gigabaiti 21.6 kwa siku.
– Kamera 4 kama hiyo: gigabaiti 86.4 kwa siku.
– Diski ya terabaiti 1 kwa kamera 4: siku 11 hivi.
– Diski ya terabaiti 2 kwa kamera 4: siku 23 hivi.
– Memori kadi ya gigabaiti 64 ndani ya kamera 1: siku 3 au chini kidogo.

Siku 3 si nyingi. Mfanyabiashara anayesafiri Nairobi kununua bidhaa anaweza kurudi na kukuta ushahidi umeshafutwa na video mpya.

Kuna pia mkondo wa pili wa video, mdogo, uliokusudiwa kutazamwa kwa simu. Wengi hawajui upo. Mkondo mkuu wa megabiti 2 ukiutazama kwa bando la simu kwa saa moja hutumia megabaiti 900. Mkondo mdogo wa kilobiti 256 hutumia megabaiti 115 tu kwa saa hiyohiyo. Rekodi kwa mkondo mkuu, tazama kwa mkondo mdogo.

4. MWANGA WA MCHANA NA GIZA LA USIKU

Mchana, tatizo letu kubwa ni mlango. Kamera ikiwa ndani ya duka na kutazama nje, barabara inang'aa kwa jua na mtu anayeingia huonekana kama kivuli cheusi. Tafuta kipengele kinachoandikwa WDR na ukiwashe. Kazi yake ni kusawazisha sehemu yenye mwanga mkali na yenye giza katika picha moja. Usikipandishe hadi mwisho, anza katikati. Kwa kamera ya nje usiku, kizime kama picha inazidi kuwa na chembechembe.

Ukiona mistari inayopanda na kushuka katika picha chini ya taa, angalia kipimo cha umeme. Stima ya Kenya ni ya hezi 50. Kamera nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa hezi 60 kwa soko la Marekani. Chagua 50.

Usiku, kosa kubwa ni kuiachia kamera ijiamulie muda wa kufungua jicho lake. Giza likiingia, hulifungua muda mrefu ili ipate mwanga. Picha tuli hupendeza, lakini mtu anayetembea huacha alama kama moshi. Weka kikomo: jicho lisifunguke zaidi ya sehemu 1 kwa 50 ya sekunde. Picha itakuwa nyeusi kidogo, na dawa yake ni kuongeza taa. Balbu ndogo ya LED juu ya mlango huisaidia kamera kuliko mpangilio wowote, na mwizi naye haipendi.

Kama sura hugeuka doa jeupe mtu anapokaribia, nguvu ya infraredi imezidi. Ipunguze, au washa kipengele kinachoipunguza chenyewe kitu kinapokuwa karibu.

Mwisho, kuna kipengele cha kusafisha chembechembe za usiku. Kiwashe katika kiwango cha kati. Chembechembe hizo huongeza ukubwa wa video na hufanana na mwendo, hivyo huleta arifa za uongo. Lakini ukikizidisha, mtu anayetembea huacha mkia nyuma yake.

5. UTAMBUZI WA MWENDO

Kamera ya kawaida haijui mtu wala mbuzi. Inalinganisha fremu ya sasa na iliyotangulia. Vidoa vya kutosha vikibadilika, inasema kuna mwendo. Ndiyo maana kivuli cha wingu, taa za gari na bendera ya plastiki vyote huiamsha. Kuipanga vizuri kunahitaji hatua tano.

Hatua ya kwanza: chora eneo. Kamera hukuonyesha picha iliyogawanywa katika miraba. Futa yote, kisha chora mahali muhimu tu: mlango, lango, dirisha. Acha nje barabara, matawi, anga na ua la jirani. Arifa nyingi za uongo huisha katika hatua hii.

Hatua ya pili: weka kiwango cha ukubwa. Tuseme kamera inaonyesha upana wa mita 8. Mtu mzima aliyesimama hapo hufunika takriban sehemu 2 au 3 kwa 100 ya picha nzima. Ukiiambia kamera ipuuze chochote kisichofika sehemu 10 kwa 100 ya picha, umeiambia impuuze mwizi. Lakini kamera nyingi hupima kwa eneo ulilochora. Kama eneo hilo ni robo ya picha, mtu yuleyule anafika karibu sehemu 10 kwa 100. Anza na 3 hadi 5, kisha ujaribu.

Na mbuzi je? Ukubwa peke yake hautamtenga. Mbuzi akipita ubavu hufunika zaidi ya nusu ya nafasi ya mtu. Mbinu bora ni kuchora eneo lianzie katikati ya mlango kwenda juu. Mgongo wa mbuzi haufiki hapo. Kifua cha mtu hufika. Njia hii hufaa kamera inayotazama mlango kwa mbele, haifai inayotazama kutoka juu sana.

Hatua ya tatu: wepesi wa kuhisi. Kama kipimo ni kutoka 0 hadi 100, anza na 50. Kikiwa juu, nzi ataiamsha. Kikiwa chini, mtu mwenye nguo za rangi ya ukuta anaweza kupita bila kuonekana. Kamera ikiruhusu, weka kipimo kimoja cha mchana na kingine cha usiku.

Hatua ya nne: ratiba. Hapa kuna mtego unaotupata sisi wasemaji wa Kiswahili. Kamera hutumia saa za Kizungu, tena kwa mfumo wa saa 24. Saa tatu usiku ni 21:00, si 03:00. Saa nane usiku ni 02:00. Saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00. Mtu aliyeandika 03:00 akidhani ni saa tatu usiku ameliacha duka lake bila mlinzi kwa saa sita. Ratiba ya arifa ianze duka linapofungwa na iishe linapofunguliwa.

Hatua ya tano: kabla na baada. Agiza kamera ihifadhi sekunde 5 kabla ya mwendo na sekunde 20 au 30 baada yake. Bila zile sekunde za kabla, utaona mgongo wa mtu anayeondoka bila kujua alitokea wapi.

Kamera za siku hizi mara nyingi zina utambuzi wa mtu na gari. Kama yako inao, utumie kwa arifa za simu. Utapunguza sana kelele za paka na matawi. Lakini usiutegemee peke yake kurekodi. Mtu aliyejifunika shuka, aliyeinama au aliye mbali anaweza kumkanganya kompyuta.

Je, urekodi muda wote au wakati wa mwendo tu? Kurekodi mwendo tu huokoa nafasi: kama mwendo upo saa 6 kati ya 24, diski iliyotosha siku 11 itatosha siku 46 hivi. Lakini kamera ikikosea kutambua, hutakuwa na chochote. Kama diski inaruhusu, rekodi muda wote na utumie mwendo kwa kuweka alama na kutuma arifa. Kama hairuhusu, rekodi muda wote usiku, na mwendo tu mchana.

6. JARIBIO LA KUTEMBEA

Mipangilio isiyojaribiwa ni dhana tu. Usiku, duka likiwa limefungwa, mwombe mtu wako wa nyumbani akae na simu nawe utembee. Pita polepole. Pita mbio. Pita ukiwa umejifunika shuka. Inama chini kwenye kufuli, kwa sababu kufuli za milango ya kukunja huwa chini na mkataji hachuchumai kwa kupenda. Kisha kaa chini mtazame pamoja: je, kila safari ilirekodiwa? Je, uso unaonekana? Je, mwanzo wa tukio upo?

Rekebisha kipimo kimoja kwa wakati mmoja, uandike katika daftari ulibadilisha nini. Ukibadilisha vitatu pamoja hutajua kipi kilisaidia. Rudia jaribio mvua zinapoanza, kwa kuwa majani huota na matone ya mvua hung'aa kwenye infraredi.

7. SAA, NENOSIRI NA STIMA

Saa. Weka majira ya Nairobi, yaani saa 3 mbele ya majira ya dunia, na uzime mpangilio wa kubadilisha saa kwa msimu, Kenya haina. Iagize kamera ilinganishe saa yake na mtandao kupitia NTP. Chagua tarehe inayoanza na siku au mwaka, ili 04/02 isisomwe Aprili na mmoja, Februari na mwingine.

Nenosiri. Badilisha nenosiri la kiwandani siku ileile ya kwanza. Mwaka 2016, kirusi kilichoitwa Mirai kilivamia kamera na mashine za kurekodi nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, kisha zikatumiwa kushambulia mitandao. Wenye kamera hawakujua. Nenosiri liwe lako, si la fundi. Fundi akimaliza kazi, mshukuru, mlipe, kisha ubadilishe nenosiri. Sasisha programu ya kamera kila inapotoka mpya.

Stima. Ikipotea, kamera hulala pamoja na rauta. Betri ndogo ya akiba kwa rauta, kamera na mashine ya kurekodi ni sehemu ya mfumo. Ifiche mashine yenyewe mahali pa kufungwa. Mwizi akiondoka nayo, ameondoka na shahidi.

8. SHERIA NA UJIRANI

Kamera inaona zaidi ya mali yako. Katika mitaa yetu nyumba zimekaribiana, na ua ni mahali pa akina mama na watoto kukaa bila stara ya barabarani. Kamera inayochungulia ua la jirani imeleta fitina hata kama nia ilikuwa njema. Kabla ya kuifunga, bisha hodi. Mwambie: "Jirani, naweka kamera. Karibu uangalie inaona wapi." Kamera nyingi zina kipengele cha kuziba sehemu ya picha kwa weusi. Kitumie kufunika dirisha na ua lake, na umwonyeshe.

Hili ni suala la sheria pia. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Matumizi ya nyumbani tu yameondolewa katika masharti mengi, lakini kamera ya biashara haimo katika msamaha huo. Kanuni za usajili za mwaka 2021 huwasamehe wafanyabiashara wadogo wenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, ila msamaha huo hauwahusu wanaoendesha kamera za CCTV kwa kuzuia uhalifu. Uliza Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kuhusu hali yako kabla ya kuulizwa wewe.

Kwa vitendo, fanya haya. Weka tangazo mlangoni kwamba kuna kamera, kwa Kiswahili na Kisomali, pamoja na mchoro kwa asiyesoma. Usirekodi sauti bila sababu ya haja. Usiweke kamera chooni, mahali pa kubadilishia nguo wala mahali pa kutawadhia. Usihifadhi video kupita muda unaohitajika. Na usisambaze video ya mtu katika makundi ya WhatsApp ukimwita mwizi. Ukikosea sura, umeharibu jina la mtu asiye na hatia, na wewe ndiwe utakayejibu.

9. TUKIO LIKITOKEA

Usiguse mahali pa tukio. Piga ripoti kituo cha polisi na upate nambari ya OB. Kisha hifadhi video mara moja, kabla diski haijazunguka na kuifuta. Toa nakala ya faili lenyewe kutoka kwenye kamera au mashine, kuanzia dakika kadhaa kabla hadi dakika kadhaa baada. Usirekodi kioo cha runinga kwa simu. Nakala hiyo hupoteza ubora na huleta maswali. Weka nakala mbili, uandike nani alizitoa, lini, na kutoka kifaa gani.

Maelezo hayo yana kazi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilivyotolewa na kifaa kilichotumika, kikiwa kimetiwa sahihi na mtu mwenye dhamana ya kifaa hicho. Afisa wa upelelezi atakueleza utaratibu. Daftari lako la mipangilio na saa iliyo sahihi vitakurahisishia kazi.

10. JIPIME

Chukua simu yako leo jioni ujibu maswali haya:

1. Kamera ya mlangoni inaonyesha upana wa mita ngapi? Je, pikseli kwa mita zinafika 250?
2. Video ya zamani kabisa iliyohifadhiwa ni ya siku ngapi zilizopita?
3. Saa ya kamera na saa ya simu yako zinatofautiana kwa dakika ngapi?
4. Jana usiku ulipata arifa ngapi, na ngapi zilikuwa za mtu?
5. Nenosiri analijua nani zaidi yako?
6. Je, jirani yako anajua kamera inatazama wapi?

Kama hata jibu moja limekutia wasiwasi, hujachelewa. Marekebisho mengi katika somo hili hayahitaji kununua kitu. Yanahitaji jioni moja, kitambaa cha kufutia kioo, daftari, na jirani wa kutembea nawe mbele ya mlango.